Kwa Zuhura, Juu ya Ile "Sauti!" Niliyopiga Mkutanoni

Mwanangu Zuhura,

Mie baba yako nina miaka sitini na mitatu, au sitini na mitano, inategemea unamwamini nani, mie au marehemu shangazi yangu aliyesema nilizaliwa mwaka wa nzige, na nzige wenyewe walikuja zaidi ya mara moja. Mjerumani nilimkuta anaondoka. Mwingereza nilimwona anaingia nikamwona anatoka, na mizigo yake mingine niliipakia melini kwa mikono hii. Nimewapita wasimamizi wote wa gati walioniambia sitafika mbali. Nimepita ndui, nimepita njaa, nimepita winchi iliyokatika kamba ikaangusha watu kushoto kwangu na kulia kwangu, mie katikati nikabaki nimesimama kama nguzo ya simu. Nayasema haya ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kutetereka. Na mtu huyohuyo tangu adhuhuri anashika kalamu, anaiweka, anaishika tena.

Ningeweza kumwita Hamisi wa jirani aniandikie, mwandiko wake mzuri. Sikutaka. Mwalimu wa kisomo alisema mbele ya darasa zima kwamba kati ya wazee wa Temeke mie ndiye niliyeshika herufi upesi kuliko wote, na kama kuna neno limekaa upande humu ndani, wewe lisome hivyohivyo lilivyokaa.

Mama yako yuko uani anakunja kanga zako. Ya treni, ya chakula cha njiani, ya vidonge vya homa, ya kutokulala dirisha wazi, ameshakwambia na kesho atakwambia tena. Mie sigusi huko. Mie nina jambo moja tu, na hilo moja lenyewe silielewi.

Jana mama yako kanifuata nilipokuwa nanoa panga, akasimama.

"Mwanao anakwenda shingo upande," kasema.

"Shingo upande kwa lipi? Chuo cha ualimu, watu wanakililia!"

"Huko siku za mwanzo kila mgeni anasimamishwa mbele ya wenzake afundishe. Kaniambia wakimsimamisha tu anapanda treni anarudi. Eti bora akashone magunia kiwandani."

"Nani kamtia woga huo?"

Mama yako akanitazama vile anavyomtazama samaki asiyekuwa na hakika naye. "Muulize aliyempigia kelele," kasema, akaenda zake jikoni. Panga lenyewe sikumaliza kulinoa.

Sasa mwanangu, mie sikujua. Wewe toka siku ile ya mkutano wa maji unanipa shikamoo asubuhi, unanipa maji ya kunawa, unasema "chakula tayari baba", adabu yako haina kasoro. Nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe ulikuwa umeniwekea adabu kama mtu anavyoweka mlango.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana wewe hukunijua nilipokuwa mie mwenyewe.

Gatini mie nilikuwa mwimbishaji wa genge. Hii kazi vijana wa sasa hawaijui, wanadhani kuli ni mgongo tu. Watu hawawezi kuvuta kamba moja kila mmoja kwa wakati wake, mzigo hautikisiki. Lazima awepo mmoja wa kutoa sauti. Yeye anaita, "Haya-eee!" Genge zima linaitika, "Hee!" na papo hapo wanavuta. Anaita tena, wanavuta tena. Gogo la mninga lililoshinda watu asubuhi nzima, nikija mie nikaita, linakwenda. Wanawake wa Kigamboni ng'ambo ya maji walikuwa wakinisikia wanasema, haya, bandarini wameshaanza kazi. Siongezi chumvi. Kulikuwa na waimbishaji wengine, mmoja Mmanyema, mmoja wa kwetu kusini, lakini hao walikuwa wanaitikiwa na genge lao tu. Mie walikuwa wananiitikia hata wapita njia.

Ndiyo maana katibu wa tawi la chama alipokuja nyumbani, wewe ndo kwanza unaingia darasa la saba, alikuja kwangu, hakwenda kwa mtu mwingine. Akasema, "Mzee, vijana wetu wakisimama mkutanoni wanang'ata kucha. Nchi hii ni yao, itakuwaje hawawezi kuisemea? Tusaidie." Nikamwambia niachie.

Unakumbuka uwanja wa nyuma ya tawi. Jumapili baada ya Jumapili nilimsimamisha kijana kwenye goli hili, mie goli lile, katikati mbuzi wa watu wanakula majani. Namwambia, sema. Akisema nisimsikie, nanyanyua mkono, nampigia: "Sauti!" Anarudia. "Sauti!" Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu, mwanzo na mwisho. Wengine walilia. Mtoto wa fundi cherehani alikimbia, hakurudi. Lakini Hamisi jirani yetu, ambaye alikuja hawezi kuagiza hata chumvi dukani, baada ya masika moja alikuwa akisema watu wanatoka majumbani kuuliza kuna nini. Wakampa jina, Kipaza. Mie ndiye niliyemtengeneza.

Na wewe ulikuja kwa sababu nilikulazimisha. Kutoka goli lile sikuwahi kukusikia hata siku moja. Nikakuuliza, "Wee Zuhura, unasemea tumboni?" Ukaja mpaka karibu, ukanijibu taratibu, "Baba, kwani ni lazima kuanza na mtu aliye mbali?" Wenzako wakacheka. Mie nikaona ni ujeuri, nikakurudisha golini. Nilikuwa sijaelewa swali, na kusema kweli sasa hivi nalielewa nusu.

Halafu ukaja mkutano.

Kisima chetu kilikuwa kimeingia chumvi. Mama yako na wenzake wanatoka alfajiri kwenda Keko na madebe, wakirudi jua limeshachoma. Tawi likamwomba bwana maji aje kutoka mjini atusikilize, naye akaja, kijana mwembamba, miwani, shati jeupe, akaketi mezani pembeni ya katibu. Mie nilikaa mbele, na Chande wa nyumba ya tatu ubavuni kwangu. Moyo wangu ulikuwa umejaa. Nilimwambia Chande, "Leo utawaona vijana wangu."

Hamisi akasimama. Unakumbuka mwenyewe.

"Ndugu wananchi, hoyeee!"

"Hoyeee!"

"Unyonyaji!"

"Ziii!"

"Mirija!"

"Ikatwe!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Watu wakasimama. Nilikuwa nalia, Zuhura, machozi haya unayoyajua kwamba hayatoki ovyo. Kila alichoita kiliitikiwa. Aliwakata mirija mabeberu, mabwanyenye na walanguzi mpaka jasho likamlowesha shati, halafu akaketi, makofi hayakomi. Bwana maji akapiga makofi naye. Akasema anashukuru kuona wananchi wana mwamko mkubwa hivi, akaanza kufunga mkoba wake.

Chande akaniinamia. "Rafiki yangu, la maji kalisema saa ngapi?"

Nikamwambia nyamaza, kijana kasema vizuri.

Hapo ndipo uliponyoosha mkono. Hakuna aliyekupanga. Hukuwa hata umekaa na vijana, ulikuwa na akina mama, na ndoo. Katibu akababaika, akasema haya, binti, kwa ufupi. Ukasimama, hukuita hoyee, hukuita kitu. Ukasema, "Shikamooni wazee. Bwana, mie nina swali. Kisima chetu kina chumvi tangu mfungo. Mama zetu wanafuata maji Keko. Lakini bomba kubwa linalokwenda viwandani linapita hapa, chini ya miguu yetu hapa tulipokaa. Tulikuwa wadogo lilipochimbiwa, tuliliona. Sasa nilitaka kujua, kuna ugumu gani kulitoboa hapa?"

Watu wakawa kimya. Si kimya cha adabu. Kimya cha mtu aliyeambiwa kuna nyoka chini ya kitanda chake. Wengine wakatazama miguu yao.

Na mie baba yako nikanyanyua mkono nikapiga: "Sauti! Hatusikii!"

Unajua watu wetu. Mmoja akidaka, wote wanadaka. Nyuma wakaanza, "Sauti! Sauti binti! Kula ugali!" Vijana wakapiga miluzi. Wewe ulikuwa bado umesimama, mdomo umefunguka kidogo, ukanitazama. Mie, si wao. Halafu ukaketi, ukaishika ndoo yako. Katibu akasema muda umetutupa mkono, mkutano ukafungwa.

Hapa nimetoka kidogo nje, nimerudi. Maghribi imeshaadhiniwa. Mama yako anaimba uani, wimbo wake anaouimba akiwa hataki watu wajue kwamba analia.

Nimejaribu kujua kwa nini nilipiga ile sauti, na kila nikidhani nimejua, jibu linanitoroka.

Kwanza nilisema ni mazoea. Mkono umezoea kunyanyuka, kinywa kimezoea kusema. Hilo nilikaa nalo siku nyingi. Lakini mazoea yangu mie ni kumpigia kelele asiyesikika, na siku ile ulisikika.

Nikasema basi, ni kwa kukutakia mema. Wewe ni kitinda mimba wangu, nilitaka usikike mpaka nyuma. Nikamwambia mama yako hivyo. Akasema, "Waliokaa nyuma mie nilikuwa nao, hakuna aliyelalamika mpaka ulipolalamika wewe."

Nikasema labda ni aibu, maana umesema bila salamu za chama mbele ya katibu aliyenipa kazi. Lakini katibu mwenyewe sijapata kumwogopa. Nimewahi kumwambia usoni kwamba anaendesha tawi kama mtu anayeendesha baiskeli ya kuazima.

Sasa mwanangu, kuna jambo sijawahi kumsimulia mtu vizuri. Watu wanalijua nusu, na hiyo nusu nilikuwa naisimulia kwa kujisifu.

Zamani, kabla hatujajitawala, tulikuwa tunapakua saruji. Mifuko ya karatasi inapasuka, vumbi linaingia kifuani, watu wanakohoa usiku mpaka wake zao wanahama chumba. Genge likakaa chini ya winchi ya mizigo, likasema lazima tupeleke neno kwa mzungu wa gati, tupewe hata vitambaa vya kufunga pua. Nani aende? Wote wakasema mie. Mwenye sauti ni mie, hakuna ubishi. Tukaenda sote, wao nyuma, mie mbele. Mzungu akatoka barazani, akasema kwa Kiswahili chake, "Sema."

Nikafungua kinywa. Zuhura, maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima: saruji, kifua, vitambaa. Lakini kinywa changu kilikuwa hakijapata kusema peke yake. Maisha yote kilikuwa kinaita na watu wanaitika. Ikatoka ile inayojua kutoka. "Haya-eee!" Na genge nyuma yangu, kwa mazoea, likaitika, "Hee!" likasogea mbele hatua moja, kama lina kamba mikononi.

Mzungu kwanza alirudi nyuma. Halafu akacheka. Akadhani tumekuja kumwamkia. Akatupungia mkono, akaingia ndani kwake. Tukarudi kwenye saruji.

Mie mbele za watu nilikuwa nasimulia kwamba nilimtisha mzungu mpaka akarudi nyuma. Na kweli alirudi nyuma, hapo sisemi uongo. Lakini vitambaa hatukupata. Wenzangu hawakunilaumu, na hilo ndilo lililonishinda kulielewa, walinisifu. Walisema, ulisikia jinsi tulivyoitika? Mmoja wao alikufa na kifua kile. Mpaka anakufa alikuwa ananisifu.

Sijui kwa nini nimeliandika hili hapa. Nilidhani nikifika mwisho wake ningeona linaungana wapi na mkutano. Linaungana, nalisikia linaungana, lakini sina mkono wa kulishika. Labda nilipokuona umesimama bila mtu wa kukuitikia, na maneno yanatoka yenyewe, moja baada ya jingine, niliona kitu nilichodhani hakiwezekani. Mtu akiona kisichowezekana, anapiga kelele. Au labda niliona wivu. Mzee mzima kumwonea wivu binti yake na ndoo ya maji, sidhani. Mie si mtu wa wivu. Lakini naliacha neno hilo, silifuti.

Na kuna lingine linalonichanganya. Yule bwana maji, watu walipotawanyika, hakwenda kwenye gari. Alibaki palepale ulipokuwa umesimama, akawa anaangalia chini, anapigapiga ardhi kwa kisigino. Baadaye wakaja watu wake na vijiti. Bomba likawekwa, linatoa maji siku nyingine na siku nyingine linatoa upepo, lakini lipo. Katibu anasema kalileta yeye. Hamisi anasema ni hotuba yake. Mie mwenyewe, Mungu anisamehe, nimewaambia watu pale kwenye bao kwamba ni vijana wangu. Wewe hujadai kitu. Unakwenda, unachota, unarudi.

Sasa hii ya kwamba huwezi kusema mbele ya watu. Mtoto wa fundi cherehani yule aliyenikimbia, unadhani sijui alikwenda wapi? Nilikuwa napita nyuma ya nyumba nikakusikia naye, mmekaa kwenye mkeka magoti yanagusana, mnachambua mchele. Ukamwambia, "Nieleze vile paka alivyoingia kisimani." Akakueleza kwa kigugumizi chake. Ukaacha kuchambua, ukamsikiliza mpaka mwisho. Halafu ukasogea kidogo nyuma. "Haya, mama yangu hakusikia, yuko pale kwenye mlango, mweleze na yeye." Baadaye ukamwita na bibi wa nyumba ya pili. Hukumwambia sauti hata mara moja. Mie nikasema moyoni, hapa hakuna mafunzo, hapa kuna mchele. Juzi mtoto huyo kasimama madrasa mbele ya wazazi wote, kasoma, kafafanua, kajibu maswali ya maalim. Baba yake kaniletea ndizi, kanishukuru mie! Nikazipokea. Nikazila. Uliziona.

Kwa hiyo sijui hayo unayosema kwamba huwezi yanatoka wapi. Wewe ndiye unayeweza, na hata kuwafanya wengine waweze unajua, na njia yako siyo yangu, na siwezi kukufundisha wala kukusahihisha, maana sijaielewa. Ningeielewa ningekuandikia. Ninachojua ni hiki tu. Huko chuo watakapokusimamisha, tafuta mmoja. Mmoja tu aliyekaa karibu. Mweleze yeye, kama ulivyomweleza bwana maji, kama unavyomweleza mtoto wa watu kwenye mkeka. Na akitokea wa kupiga "Sauti!" kutoka nyuma, na atatokea, maana akina mie wako kila mahali, usimtazame yeye. Mtazame yule mmoja, umwulize kama kasikia. Akisema kasikia, endelea.

Na usirudi kwa sababu yangu. Ukirudi kwa njaa, rudi. Ukirudi kwa homa, rudi, mlango huu ni wako. Lakini usipande treni kwa ajili ya mzee mmoja aliyenyanyua mkono bila kujua kwa nini. Hiyo ningeichukulia vibaya sana, na unajua nikichukulia kitu vibaya nyumba hailali.

Utasema, baba anasema hivi kwa sababu naondoka. Utasema, hakunisikia siku ile, sasa ananipoza. Basi usiniamini mie. Yupo Chande, nyumba ya tatu, hajambo, anaamka mapema kuliko kuku. Siku ile tulipokuwa tunatoka mkutanoni, kelele zilikuwa bado, akaniuliza, "Binti yako kamwambia nini yule bwana? Mie na masikio yangu haya sikupata vizuri yale ya mwisho." Nikamsimulia njia nzima. Kisima, mfungo, madebe, bomba la viwandani, mlivyokuwa wadogo lilipochimbiwa, chini ya miguu yetu hapa tulipokaa, kuna ugumu gani. Nilimpa kama ulivyolitoa, hata ile shikamooni ya mwanzo. Akasimama katikati ya njia akanitazama. "Sasa ndugu yangu," kasema, "wewe ulikuwa husikii nini?"

Kapite kwake asubuhi kabla hamjakwenda stesheni, mwambie baba kanituma. Atakwambia kwamba nilikusikia.